Mwalimu Aliyeacha Kuandika Kwamba Sisi ni Wazima

Nilikuwa kwa kinyozi hapa Geita, upande mmoja wa kichwa umekwisha kunyolewa na mwingine bado, simu ilipoita. Alikuwa binti wa mwalimu wangu wa zamani, anapiga kutoka Shinyanga. Tulisalimiana kama tulivyolelewa: shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, nyumbani hawajambo, hatujambo kabisa, na watoto, wanaendelea vizuri. Salamu zilipokwisha ndipo akaniambia kwamba baba yake alikuwa amefariki alfajiri ile, na kwamba wangemzika kesho yake saa nane mchana. Nilimpa pole, nikakata simu, nikamwambia kinyozi amalizie. Nilibaki pale kitini nikijitazama kwenye kioo, na kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni, kilikuwa aibu. Wiki sita kabla ya siku hiyo marehemu alikuwa ameniandikia barua akiniomba niende kumwona, nami sikwenda.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi kuandika tanzia. Marehemu wote wa magazetini walikuwa wacheshi, wapenda watu na wacha Mungu, hata wale ambao tukiwaona kwa mbali tulikuwa tunavuka barabara. Huyu hakuwa mcheshi. Alikuwa mrefu, mkavu, msumbufu wa maswali, na alikuwa na tabia ya kukurekebisha sentensi kabla hujaimaliza. Wala siwezi kudai kwamba tulikuwa marafiki. Alinifundisha historia kwa miaka miwili, tukapoteana kwa muda mrefu, tukakutana tena machimboni, na tangu hapo tukawa tunaonana mara moja au mbili kwa mwaka. Namwandika leo kwa sababu nimemkosea, na kosa lenyewe ni la aina ileile ambayo yeye alitumia miaka yake ya mwisho kuikimbia.

Darasani kwetu, katika shule moja ya sekondari pale Shinyanga, mtaala ulitaka tujue kuhusu Misri ya kale mambo matatu: mto Nile, mapiramidi, na kilimo cha umwagiliaji. Mwalimu aliyamaliza yote matatu katika kipindi kimoja, akafuta ubao, akasema sasa tuanze historia. Akatuhadithia juu ya kijiji cha mafundi waliokuwa wakichimba na kupamba makaburi ya wafalme wao ndani ya majabali. Watu wale walikuwa wakiandikiana barua kila mara, na kwa kuwa karatasi ya mafunjo haikuwa ya kuchezea, waliandika kwenye vipande vya mawe na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mmoja anauliza viatu vyake vitakwisha lini kushonwa. Mwingine analalamika kwamba mboga alizoahidiwa hazijafika. Mwingine anamuuliza rafiki yake amemkosea nini hata siku hizi hamjulii hali. Kulikuwa na mchoraji mmoja mzee, macho yake yamekufa, aliyemwandikia mwanawe kwamba yuko gizani, asimtupe, amletee dawa za macho. Mwalimu alipofika kwenye barua ya huyo mchoraji sauti yake ilishuka, na sisi wa madawati ya nyuma, ambao kwa kawaida tulikuwa tunachora mipira kwenye madaftari, tuliweka kalamu chini.

"Wafalme wao waliandika kwenye kuta kwamba walishinda kila vita," alituambia. "Ukitaka kujua watu waliishije, achana na ukuta. Soma kigae." Wiki iliyofuata alikuja na ndoo ya vigae halisi, vya vyungu vya maji vilivyovunjika, akatugawia kila mmoja kimoja na kipande cha mkaa. Tuandike barua nyumbani. Mimi nilikuwa fundi wa barua, au nilidhani hivyo, kwa sababu nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikiandika barua za bibi. Nikaanza kama ilivyopasa: ama baada ya salamu, natumaini u mzima wa afya njema, na ukitaka kujua hali yangu mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nilipofika hapo kigae kilikuwa kimejaa. Mwalimu alikisoma upande huu, akakigeuza upande wa pili kutafuta habari yenyewe, hakuona kitu, akanirudishia. "Umepiga hodi nusu saa," alisema. "Ndani hujaingia." Darasa lilicheka, nami nilimchukia mpaka mwisho wa muhula.

Nilikuja kumkuta tena miaka mingi baadaye kule Mwakitolyo, nilikotumwa na gazeti kufuatilia ugomvi wa mpaka baina ya wenye maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuchaji simu nikamwona ameketi kwenye kivuli cha banda la bati, ana meza ndogo, kalamu mbili na rundo la karatasi zenye mistari. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa akimkemea mtu aliyesema "barua hizi" akimaanisha moja. Nilimwamkia, akaniitikia, akanitazama, kisha akanitaja kwa jina na akataja hata dawati nililokuwa nakaa. Alikuwa amestaafu. Alikwenda Mwakitolyo kumsalimia mdogo wake aliyekuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akakuta watu wengi hawana wa kuwaandikia, akabaki. Ilikuwa bado miaka ile ambayo mtandao wa simu kule ulikuwa unakuja na kuondoka utakavyo wenyewe, na wazazi wengi vijijini hawakuwa na simu. Hata waliokuwa na simu walikuja kwake, kwa sababu kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyapigia kelele kwenye foleni ya kuchaji: kuomba radhi kwa wakwe, kumwambia mke kwamba umepata mtoto nje, kumweleza mzee kwa nini hukurudi kulima.

Alikuwa mwandishi mzuri, na alikuwa na wateja wengi mno, na hapo ndipo lilipoanzia kosa lake. Asubuhi, kabla wachimbaji hawajatoka maduarani, alikuwa anatumia muda wake kuandika salamu peke yake kwenye karatasi kumi au kumi na tano. Salamu zilezile alizozikataa kwenye kigae changu. Karatasi ikawa inasubiri mteja ikiwa imekwisha kuandikwa kwamba mimi huku ni mzima wa afya. Mtu akifika anaeleza haja yake tu, Mwalimu anaijazia chini, anamsomea ile haja, mtu anaweka dole gumba au jina, imekwisha. Nilipomwuliza imekuwaje amehamia upande wa salamu ndefu, alinijibu kwa ukali kidogo. Alisema kina mama wa vijijini wanasomewa barua mbele ya kaya nzima na majirani, na barua isiyo na salamu inamwaibisha aliyeipokea. Ataonekana ana mtoto asiye na adabu. Akaongeza kwamba hata Wamisri, wakipata mafunjo na mwandishi wa kulipwa, walijaza maombi kwa miungu yao yote kabla ya kusema shida. Jibu lilikuwa la kweli.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo mwanamume mmoja wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Buseresere, aliyekuwa akifanya kazi ya kulisha mawe kwenye karasha. Anayejua kazi hiyo anajua vumbi lake. Mtu anatoka pale nyusi zimekuwa nyeupe, anapiga maji usoni, anafunga kitambaa kingine puani na kurudi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba mtu yule alikuwa anakohoa tangu barua ya kwanza. Kwenye ya pili alikuwa anakohoa akiwa ameshika ukingo wa meza. Kwenye ya tatu alikuwa amekonda hata shati lilikuwa linamning'inia. Kwenye ya nne alishindwa kumaliza sentensi kwa mkupuo mmoja, akawa anaisema vipande vipande, na Mwalimu anaiunganisha vizuri kwenye karatasi, kwa mwandiko wake safi, chini ya maneno kwamba mimi huku ni mzima wa afya. Hakuwa na nia mbaya. Karatasi ilikuwa juu ya rundo, na foleni ilikuwa ndefu. Wiki mbili baada ya barua ya nne yule mtu alifia njiani akipelekwa hospitali, na wenzake wa karasha walichangishana wakamsafirisha kwao.

Mwalimu alikaa na jambo hilo mwezi mzima. Halafu siku moja alishuka kwenye basi hapa Geita akiwa na begi dogo, akaja moja kwa moja mpaka ofisini kwetu, akaniambia anakwenda Buseresere kuonana na mama wa marehemu, na hataki kwenda peke yake. Nilimwambia si lazima aende. Nilimwambia vumbi ndilo lililoua, si barua. Alinitazama kama alivyokitazama kile kigae. "Nimekuomba unisindikize," alisema. "Ushauri sijakuomba." Tukaenda.

Nyumba ya yule mama ilikuwa nyuma kidogo ya senta, mbali na barabara ya Biharamulo, nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati jipya. Tulimkuta uani anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Mwalimu, ambaye bila shaka alikuwa mkubwa kwake au rika lake, alimsalimia kwa Kisukuma, akamwita mayu, kwa maana ya mama. Mama alitukaribisha, akaleta viti, akatuuliza habari za tulikotoka, tukasema nzuri. Tukamuuliza za pale, akasema nzuri. Kwenye kamba ilikuwa imeanikwa nguo moja nyeusi ya msiba. Mwalimu hakugusa maji aliyoletewa. Alisema, "Mayu, mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia mwanao zile barua."

Mama aliacha kuvigeuza viazi. "Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Alikuwa anakusifu. Anasema una mwandiko." Aliingia ndani, akatoka na mkoba wa kitambaa, akatoa barua nne, akaziweka mapajani kwa Mwalimu. "Sasa nieleze. Hapa huwa nasomewa na katekista. Kila barua inasema mwanangu ni mzima. Aliletwa hapa ndani ya turubai, nikamwosha kwa mkono wangu, hakuwa na nyama. Kwa nini alikwambia uandike kwamba ni mzima?"

"Hakuniambia, mayu." Mwalimu alieleza. Alieleza juu ya karatasi za asubuhi, na foleni, na rundo. Hakujitetea popote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hayo maneno ya uzima ulikuwa umeyaandika hata kabla hajaja kukaa?"

"Ndiyo, mayu."

"Ukimsikia anakohoa?"

"Nikimsikia."

"Mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo," alisema yule mama. "Alipita mtu wa mnada wa ng'ombe, anatoka huko kwenu, akaniambia mwanao nimemwona, amepungua. Nikafunga mzigo. Nikaazima hata viatu. Jioni yake ikaja hii ya tatu. Katekista akanisomea, ni mzima. Nikafungua mzigo, nikarudisha viatu vya watu." Hakulia. Alisema kwa sauti ileile ya kutaja habari za viazi. Halafu akamtaka Mwalimu amsomee barua zote nne, lakini aruke yale aliyoyaandika kabla, amsomee yale tu ambayo mwanawe aliyasema kwa kinywa chake.

Nimehudhuria misa nyingi na mikutano mingi, na sijapata kusikia usomaji mzito kama ule. Barua nne zilikwisha kabla mtu hajamaliza kikombe cha maji. Katika ya kwanza mtoto alisema bati likifika wasiezeke bila fundi wa kutoka mjini. Katika ya pili alimsalimia shangazi yake na kuuliza kama mguu wake umepona. Katika ya tatu alisema mama asihangaike kuja kipindi hiki, huku kuna vumbi sana. Katika ya nne alisema anakumbuka michembe ya karanga. Mwalimu alipomaliza alikunja karatasi, akamwomba mama amsamehe. Mama alijibu, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, hakusema hakusamehe. Aliinuka akatuletea michembe iliyopikwa na karanga, akakaa akatutazama tukila, na alipotusindikiza alisema "wabeja" kwa Mwalimu, asante kwa kuja. Ndani ya basi Mwalimu aliniambia jambo moja tu mpaka Geita: kwamba yule mchoraji wa Misri alimwandikia mwanawe kuwa yuko gizani, na kwamba aliyemshikia kalamu, kama alikuwapo, alikuwa mwandishi bora kuliko yeye.

Baada ya hapo alichoma karatasi zake za salamu. Alirudi Mwakitolyo, na kila mteja aliyeketi mbele yake alimuuliza kwanza: unaumwa? Unakula? Unalala wapi? Akawaambia, nisipoyaandika hayo siandiki. Ninyi mnaojua wanaume wa machimboni mnaweza kukisia kilichofuata. Nani anataka kutumia siku yake ya mapumziko kumweleza mzee mmoja mkali kwamba anakojoa damu? Wateja walihamia kwa mwandishi mwingine, kijana mwenye kompyuta, aliyekuwa anachapa salamu za kupendeza zenye maua pembeni. Mwalimu alifunga meza yake akarudi Shinyanga kwa binti yake. Kuanzia hapo kila nilipopita kumsabahi alikuwa ananiuliza hali, nikijibu nzuri ananikatiza: "Sikukusalimia. Nimekuuliza." Ilikuwa inachosha. Nakiri kwamba nilianza kupunguza safari.

Nimejaribu wiki hii kufikiri kwa nini ilikuwa inachosha. Sisi ni watu ambao tunaulizwa habari za nyumbani, tunajibu nzuri, halafu tunaongeza, ila tumefiwa. Wageni wanatucheka kwa hilo, na mimi nimeshalitetea katika safu hii hii, nikasema ni adabu, ni namna ya kumwandaa mtu kabla ya kumtua mzigo. Bado naamini ni adabu. Ila kadiri miaka inavyokwenda naona ile "ila" inapotea, na inabaki ile "nzuri" peke yake. Kiongozi anakuja duara limetitia na watu wamo chini, anawaambia waandishi hali ni shwari, na sisi tunaandika hali ni shwari. Daktari anamuuliza mgonjwa anaendeleaje, mgonjwa anasema anaendelea vizuri, daktari anaandika hivyohivyo kwenye cheti. Kaka na dada wanatumiana picha za maua kila asubuhi kwa simu, kumbe mmoja wao hajala tangu jana. Siku moja, miaka elfu tatu ijayo, atatokea mtu wa kuchimbua mambo yetu kama wale wa kijiji cha mafundi walivyochimbuliwa. Sijui kama simu zetu zitakuwa zinasomeka. Zikisomeka, mtu huyo ataandika kwamba katika nchi hii iliyojaa mashimo waliishi watu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa.

Sasa barua yangu. Ilikuja na basi la mchana kutoka Shinyanga. Kondakta alinipigia, nikaifuata stendi jioni hiyohiyo. Ilikuwa nusu karatasi. Haikuwa na salamu. Iliandikwa hivi: "Moyo umepanuka na miguu imejaa maji. Daktari amenieleza yote na nimemwelewa. Nataka kukuona. Njoo wiki hii au ijayo, ukichelewa hutanikuta." Chini jina lake. Niliisoma nimesimama pembeni ya muuza mahindi, na ninakumbuka kabisa nilichokifikiri. Nilifikiri, mzee huyu hana adabu hata akiumwa. Nilifikiri, ameanza tena mambo yake ya Misri. Na nilifikiri, hili ndilo linalonitesa, kwamba mtu anayekufa kweli hawezi kusema waziwazi hivi. Wanaokufa kweli husema wanaendelea vizuri. Nikaiweka mfukoni. Wiki ile tulikuwa na gazeti la kurasa za ziada. Iliyofuata nilikuwa na harusi. Ya tatu nikaona haya kwenda kwa kuwa nilikuwa nimechelewa, nikaamua nitamjibu kwanza kwa barua nzuri, yenye hoja, kama alivyopenda, na nikaianza mara mbili. Sikupiga simu hata siku moja. Ningepiga, angenisalimia binti yake, angeniambia hawajambo, nami ningepata nafuu ambayo sikustahili.

Tulimzika kwenye jua kali. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wanafunzi wake wa zamani kutoka ofisi mbalimbali za mjini, na wanaume wawili wa Mwakitolyo waliosimama nyuma kabisa. Waliosimama kuzungumza walimsifu kwa ucheshi wake. Baada ya chakula binti yake alinifuata nilipokuwa nimekaa kwenye viti vya mwisho chini ya turubai, akapiga magoti kidogo kwa heshima, akanisogelea ili watu wengine wasisikie.

"Kaka, samahani. Kuna barua ya baba. Ilikufikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Nilimwona alivyochoka, macho yamevimba, nikajisikia kwamba ukweli wangu ungemwumiza, na nikajipa heshima ya kumhurumia, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe. Nikasema, "Hapana, dada yangu. Barua ipi?"

Alijishika mdomo. "Basi ni mimi," alisema. "Ni mimi, kaka. Nilimpa kondakta mbiombio, sikuchukua hata namba yake. Nikamwambia baba nikupigie, akakataa, akasema mtu akishaandikiwa ameshaitwa, mwache aje mwenyewe. Akawa ananiuliza, binti, kweli ulimpa mtu wa kuaminika? Namwambia ndiyo, baba. Kumbe nilikuwa namdanganya." Aliinuka akaenda kuwahudumia wazee, na mimi nikabaki na sahani yangu. Niliondoka Shinyanga na basi la saa kumi bila kumuaga.

Nimempigia mara mbili tangu hapo, nikiwa nimedhamiria kusema. Mara zote mbili aliniambia hawajambo, nami nikamwambia hatujambo, akaniambia watoto wanasoma vizuri, nikamwambia namshukuru Mungu, na simu ikaisha. Kwa hiyo kesho napanda basi la kwanza, na nimekusudia kuwa mlangoni kwake kabla gazeti hili halijafika Shinyanga. Lakini najijua. Najua ninavyoweza kukaa kwenye kiti cha mtu, nikanywa chai yake, nikamsifu marehemu, na nikarudi Geita sijasema. Ndiyo maana nimeliandika hapa, mahali ambapo siwezi kulirudisha mfukoni. Kama kuna funzo katika yote haya ni dogo, na nimelipata kwa kumgharimu mtu mwingine: anayekwambia kwamba anaumwa, mwamini siku hiyohiyo, na uinuke.

Dada yangu, kondakta wako alikuwa mtu mwaminifu. Barua ilifika jioni ileile uliyoituma. Niliisoma, nikaielewa, na sikuja.